Ulimi wa Mpika Sabuni

Dada yangu Pudentienne alikuwa na nywele nyingi, na nywele hizo ndizo zilizomzuia kuwa mjane.

Kwetu bonde la Ruzizi, mume akifa, mkewe hunyolewa. Anayemnyoa ni mama wa marehemu. Wembe ukishapita kichwani mwake, ndipo wengine nao wananyolewa: mama mwenyewe, ndugu, watoto. Kabla ya hapo hakuna anayelia kwa sauti, hakuna matanga, hakuna anayesema "marehemu". Na nywele zikishaota tena, mdogo wa marehemu anamchukua mwanamke awe mke wake. Padri alituambia huo ni upagani. Tulimjibu ndiyo, padri, tukarudi nyumbani kwenye nyembe zetu.

Marcellin, mume wa Pudentienne, alikuwa karani bandarini Kalundu. Aliandika majina ya mashua na mizigo yao. Uhuru ulipokuja alipewa kiti cha Mbelgiji aliyekimbia, na kalamu ya Mbelgiji huyo pia. Kalamu ndiyo iliyomponza. Waasi walipoingia mji wetu wa Uvira mwezi wa tano mwaka 1964, mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa mtu wa serikali, hawakuhitaji ushahidi mwingine. Mwezi wa sita walimpakia katika mashua pamoja na wenzake kumi na mmoja, wakaelekea kusini, upande wa Baraka. Mwezi wa kumi askari wa serikali waliutwaa tena mji. Mashua haikurudi. Hakuna aliyekuja kusema nilimwona akifa. Hakuna aliyekuja kusema nilimwona akila.

Mama yake, Apolline, alishuka kutoka Runingu mwezi uliofuata. Alikuja na mwanawe mdogo, Étienne, na wembe uliofungwa katika kitambaa cheupe. Pudentienne aliwapa viti, akawapikia, wakala. Kisha mama alifungua kitambaa.

"Mama," dada yangu alisema, "nionyeshe kaburi."

"Minye nitalitoa wapi kaburi, mwanangu?"

"Basi rudisha wembe yako. Minye siko mujane. Niko muke wa muntu mwenye alisafiri."

Étienne alitazama miguu yake. Alikuwa kijana mpole, mkulima, asiyependa maneno. Sikuwahi kumchukia. Lakini Pudentienne hakumtaka, na hakumficha hilo. Alimtaka Marcellin, aliyekuwa akikaa mlangoni jioni na kumsuka mwenyewe. Jambo hilo wanaume wa Mulongwe, mtaa wetu, walilicheka mpaka wakachoka. Karani msusi, walimwita. Yeye aliendelea kusuka.

Basi wembe ulirudi Runingu, na nywele zilibaki.

Mimi ni mpika sabuni. Shule niliiacha darasa la tatu, baba alipofariki, nikachukua chungu chake. Unachoma maganda ya ndizi na vichala vya ngazi, yaani chikichi, unayaweka majivu katika chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji, yanayodondoka ni maji makali ya rangi ya chai. Hayo unayapika na mawese mpaka yashikane. Kujua kama sabuni imeiva ni ulimi. Unagusisha ulimi kwenye sabuni. Ikiuma, bado. Ikinyamaza, imeiva. Baba alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo, na kwetu anayeonja ni mwenye chungu, si mtu mwingine. Mpika sabuni anayempa mwingine aonje anachekwa kama mwanamume anayemwita jirani aje amfungie mkanda.

Kwa sababu ya kazi hiyo wanawake waliniuliza habari za nywele, nami niliwajibu bila kuzungushazungusha. Vazelini ya dukani inakaa juu, inakamata vumbi la barabara, kichwa kinang'aa nje huku ndani kimekauka. Mawese yanaingia, lakini yanatia wekundu na jua likiwaka unanuka kama sufuria. Mafuta ya mbarika ni mazito, ni mazuri kwa ncha za nywele, si kwa ngozi. Mafuta ya mise, yale meusi yanayokaangwa kutoka kiini cha ndani cha ngazi, ni bora kwa nywele ngumu zinazokatika. Na juu ya yote ni mafuta ya ng'ombe, siagi ya wafugaji wa milimani, iliyotikiswa katika kibuyu na kukaa mpaka ikaanza kunuka kidogo. Nywele zinainywa. Kichana cha moto nilikuwa nakikataza. Mwanamke akiniambia anataka nywele zilale kama za masista wa Kizungu, nilimwambia aolewe na pasi.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilijua kazi yangu.

Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa kukimbia. Waasi wako milimani, askari wako mjini, kila upande ukija tunapanda au tunashuka. Tulilala maporini juu ya Mulongwe wiki baada ya wiki. Tulikula mihogo, na mihogo ikiisha, majani yake. Tuliporudi mwisho wa mwaka, nikamwona dada yangu mchana, amefungua kitambaa cha kichwani. Nywele zilikuwa zimepata rangi ya kutu. Alipitisha mkono, vipande vikabaki vidoleni, vifupi, kama majani makavu yaliyopondwa.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "hizi nywele zinanikimbia."

"Ni njaa. Kula samaki, kula maharage."

"Naomba mafuta, weye unaniletea maharage."

"Nitakuletea vyote viwili."

Hakucheka. Alikunja vile vipande katika jani la mgomba, akavifukia nyuma ya nyumba.

Nilijua anaogopa nini. Kwetu wazee husema nywele za mke zinajua kabla yake. Mume akifa mbali, zinaanza kukatika. Mimi sikuamini, nimeona nywele nyingi mno zikikatika kwa sababu ya sabuni mbaya na waume wao wako hai wanakunywa pombe. Lakini Apolline aliamini. Na Apolline alikuja tena mwezi wa kwanza wa 1966. Hakuja na wembe safari hiyo. Alikaa karibu na Pudentienne, akaomba kumtazama kichwa. Dada yangu hakuweza kumkatalia mama wa mume wake. Alifungua kitambaa.

Yule mama alipitisha vidole polepole, kama mtu anayechagua mchele. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na Étienne nje amechuchumaa ukutani.

"Zimechoka kuliko weye," Apolline alisema.

"Zina njaa, Mama. Hata zako zina njaa."

"Zangu hazina mume."

Aliondoa vidole. Kisha akanigeukia. "Félicien, weye iko mutu wa sabuni na mafuta. Na bantu wanasema weye hausemake uongo, hata pale uongo ungesaidia. Sikia. Pasaka nitakuja. Nikikuta hiki kichwa kimepona, nywele zinashika, hazikatike, minye nitafunga mudomo yangu mpaka nikufe. Nitasema mwana yangu iko muzima kule iko. Nikikuta zinatoka, tunanyoa. Mbele ya bote nasema."

"Nimesikia, Mama," nilisema.

"Na weye, Pudenti?"

"Nimesikia."

Walipoondoka, dada yangu alinitazama. Alikuwa na miaka ishirini na saba na uso wake ulikuwa umebaki macho tu.

"Yaya. Usinipe kintu ya kubahatisha."

Basi nilianza. Pasaka ilikuwa miezi mitatu mbele. Nilimkataza kusuka kwa kukaza. Nilimkataza kuosha kwa maji ya kisima, yana chumvi, nikamwambia aende mtoni Mulongwe. Nilimkaangia mise mwenyewe, kwa moto mdogo ili yasiungue. Akapaka mara mbili kwa wiki, kwenye ngozi kwanza, kisha nywele, kisha kitambaa. Mwezi wa pili nywele mpya zikaanza kutokeza chini, nyeusi, laini. Zile za juu zilikuwa bado zinakatika, lakini kidogo.

Kilichobaki ni siagi. Wafugaji wa milimani walikuwa hawashuki tena. Waasi walikuwa wanawachinjia ng'ombe, na njiani askari walimtilia shaka kila anayetoka juu. Mwanamke mmoja tu alikuwa bado anashuka, Nyiramana, Mprotestanti mrefu, aliyekuwa akimletea baba siagi tangu zamani. Alifika mwezi wa tatu na kibuyu kimoja mgongoni, mahali ambapo zamani angeleta vitano.

"Ni cha mwisho," alisema. "Ng'ombe zimebaki tatu. Usinibembeleze."

Sikumbembeleza. Nilimwambia ni ya kichwa cha dada yangu na kwa nini. Alinisikiliza, akakiweka kibuyu chini.

"Hii usimpake juu ya uchafu," alisema. "Kichwa kioshwe kwanza na sabuni nzuri. Ile sabuni yako nyeusi inakwangua."

Alisema kweli. Sabuni ya majivu ni kali kwa nywele zilizo dhaifu. Inaosha, lakini inaacha nywele zimesimama kama zimeogopa. Kwa miezi hiyo dada yangu alikuwa anaosha kichwa kwa maji matupu, na mafuta yalikuwa yamejazana na vumbi mpaka ngozi ikaanza kuwasha. Nikaona: sabuni laini kwanza, siagi baadaye, na Pasaka Apolline akute kichwa kama cha bibi harusi. Ningeishia kwenye maji ya vuguvugu na siagi, ingetosha. Sasa najua ingetosha. Nilitaka kizuri kuliko kinachotosha.

Bandarini Kalundu kulikuwa na watu waliokuwa wakiuza vitu vya maghala yaliyovunjwa. Mmoja alikuwa na pipa dogo la sodi, ule unga mweupe wa viwandani ambao Wazungu walipikia sabuni badala ya majivu. Nilikuwa nimewahi kuona sabuni yake: nyeupe, laini, haina harufu. Nilichukua kopo moja. Sikuwa najua kipimo chake. Nani angenifundisha? Lakini nilikuwa na ulimi. Majivu pia hayana kipimo, kila jivu lina ukali wake, na ulimi ndio unaosema. Nikasema ulimi utasema.

Nilipika kwa mafuta ya mise mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Mke wangu Pétronille alinisaidia kukoroga. Ilishikana upesi, nyeupe kama uji wa mahindi. Niliimimina kwenye ubao, nikaikata. Sabuni hupumzika wiki nyingi kabla haijatumika. Lakini Pasaka ilikuwa imebaki siku kumi na mbili.

Siku ya nane niligusisha ulimi. Kimya. Nikangoja, nikagusa tena, upande mwingine wa kipande. Kimya kabisa. Sijawahi kupika sabuni iliyonyamaza hivyo. Nilifurahi kama mtoto.

"Papa Anne," Pétronille alisema, maana binti yetu wa kwanza ni Anne, "minye mikono iko inaniwasha tangu siku ile tulikata."

"Mikono yako inawasha tangu siku ile nilikuoa. Kila kazi ikija inawasha."

"Acha nionje."

"Tangu lini weye uko mwenye chungu?"

"Nasema tu."

"Umesema."

Alikwenda zake. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kuliko hata yaliyofuata. Aliniambia, na nilimjibu kwa mzaha, na nilidhani mzaha wenyewe ni mzuri.

Jumatano kabla ya Pasaka nilimpelekea Pudentienne sabuni katika jani. Aliinusa. Alitabasamu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Inafanana na kintu ya duka."

"Ni bora kuliko ya duka. Paka yote, acha ikae kidogo ilainishe uchafu, halafu suuza. Ukimaliza, siagi."

Acha ikae kidogo. Hayo ni maneno yangu.

Alikwenda mtoni asubuhi na ndoo. Alirudi mapema mno. Nilikuwa uani nachuja majivu. Alikuja ameshika kitambaa kwa mikono miwili mbele yake, kama mtu aliyebeba mayai, kichwa kiko wazi, maji yanadondoka mabegani. Kichwa kilikuwa chekundu. Upande wa kulia na juu palikuwa wazi, ngozi tupu yenye malengelenge. Upande wa kushoto nywele zilikuwa bado zimesimama, na nilipomsogelea zikaanguka nyingine, zenyewe, bila kuguswa.

Ndani ya kitambaa zilikuwa zimelala zote, zimelowa, zimekuwa laini kama utelezi wa bamia. Alikuwa amezikusanya kutoka majini. Ameingia mtoni mpaka kiunoni kuzifuata.

"Inaunguza, Yaya," alisema. "Nilidhani ndiyo inalainisha. Weye ulisema ikae."

Pétronille alimvuta, akammwagia maji mengi, ndoo baada ya ndoo. Mimi nilikwenda kwenye ubao, nikachukua kipande cha sabuni, nikakilamba. Kimya. Nikakitafuna. Nikatafuna sabuni ile kama muhogo, nikangoja iume, ikakataa. Nikamletea Pétronille kipande kingine. Aligusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akakimbilia maji.

"Hii ni moto," alisema.

Niliingia jikoni. Nikatia pilipili ulimini, nzima, nikaifunga mdomoni. Nilihisi harufu yake puani tu, na machozi, lakini ulimi haukusema kitu. Nikatia chumvi. Nikachovya kidole katika yale maji ya majivu yaliyokuwa yanadondoka chunguni, ambayo yangemfanya mtu mzima apige kelele, nikapaka. Hakuna kitu. Miaka ishirini na minne nilikuwa nimeonja maji makali, na siku moja, sijui ipi, ulimi wangu ulikuwa umekufa, na mimi niliendelea kuuamini. Sabuni za majivu ziliiva kwa mazoea ya mikono na macho, si kwa ulimi. Ulimi ulikuwa umeacha kazi zamani. Kila sabuni kwake ilikuwa imeiva.

Nilirudi uani. Dada yangu alikuwa amekaa juu ya kinu, amefunikwa shuka.

"Zitaota?" aliuliza.

"Zitaota. Ngozi ikipona. Miezi."

"Pasaka ni Jumapili."

"Nitamwambia mama wa Marcellin. Nitamwonyesha sabuni."

"Atakuamini?"

"Alisema mwenyewe sisemi uongo."

Jumatatu ya Pasaka walikuja, Apolline, Étienne na wanawake wawili wa ukoo. Wembe ulikuwa katika kitambaa kilekile. Niliwapokea barabarani, kabla hawajafika nyumbani kwa dada yangu, nikawaambia kila kitu. Niliwaambia habari ya sodi, ya siku nane badala ya wiki nyingi, ya ulimi wangu. Nilisema mbele ya majirani, nikijua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayenunua sabuni yangu, na kweli walikaa mwaka hawanunui.

Étienne alinitazama kwa huruma. "Shemeji, unataka kumusaidia dada yako," alisema. "Hata minye ningesema hivyo."

"Sisemi ili kusaidia. Nasema ndivyo ilivyo."

"Hiyo sabuni iko wapi?" Apolline aliuliza.

Nilikuwa nayo mfukoni. Niliilamba kwanza mbele yao, ili waone. Nikasimama na ulimi nje kama mbwa, sikuhisi kitu, nikampa. Yule mama aliitazama, akagusisha ulimi wake. Nilimwona uso unakunjamana. Alitema chini mara mbili, tatu, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akatema tena. Wanawake wawili walirudi nyuma.

"Ni kweli," alisema. "Inachoma."

Étienne alisimama wima. Nadhani kijana yule alifurahi, au alipumua tu. "Basi, Mama," alisema, "turudi Runingu."

Apolline alinirudishia sabuni. Kisha akapita kando yangu, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Pudentienne, sisi tukamfuata.

Dada yangu alikuwa amekaa uani juu ya kinu, hana kitambaa. Alikuwa ameamua kutojificha. Apolline alimtazama kichwa, akashika kidevu chake, akakigeuza huku na huku.

"Kaka yako ameniambia," alisema. "Nimeonja. Ni sabuni."

"Ndiyo, Mama."

"Haikuwa nywele zilijua. Ni sabuni."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza, mwanangu." Aliketi chini, mavumbini, mbele yake, mwanamke mzee vile, na wanawake wa ukoo hawakuthubutu kumwinua. "Minye nilimuzaa. Miaka mbili iko hapa," akagusa koo, "kama mufupa. Siwezi kumulilia. Nikilia watu wanasema namutakia kifo, muke wake iko na nywele. Usiku wa mashua nilijua. Nilikuwa naumenya muhogo, nikajua. Weye umemungojea na nywele, na hizo nywele zimenifunga mudomo. Pasaka nilikuwa naomba Mungu nikute zinatoka. Namwomba Mungu hivyo, kanisani, weye unasikia? Halafu nakuta zimetoka kwa sabuni. Kwangu ni sawasawa. Sina nguvu ya kungojea zingine ziote."

"Ulisema zikipona utanyamaza," nilimwambia. "Ulisema mbele ya wote. Hazikukatika zenyewe, umeonja mwenyewe."

"Nilisema nikikuta zinatoka, tunanyoa," Apolline alijibu, hakunitazama. "Félicien, weye iko mutu wa kweli. Angalia hiki kichwa, useme zimetoka ao hazikutoka."

Nilikiangalia. Kila mtu uani alikuwa ananingoja mimi. Nimejivunia maisha yangu yote kwamba sisemi uongo.

"Zimetoka," nilisema.

Pudentienne hakunilaumu. Alinitazama kidogo tu, halafu akamtazama mama wa Marcellin pale chini mavumbini, na kitu fulani usoni mwake kikalegea, kama kamba mtu akiiachia. Aliteremka kutoka kwenye kinu, akakaa naye chini, akainamisha kichwa magotini mwa yule mama.

"Polepole upande huu," alisema. "Iko na vidonda."

Apolline alimnyoa. Hakukuwa na kazi kubwa, upande wa kushoto tu na zile laini mpya nilizozifurahia mwezi wa pili. Alipomaliza aliweka wembe kwenye kitambaa, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa mtu. Ilikuwa ya miaka miwili. Majirani wa Mulongwe walitoka mpaka barabarani. Wanawake wa ukoo wakaitikia. Étienne alijifunika uso na kulia kama mtoto kwa ajili ya kaka yake, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa amezuiwa.

Dada yangu pekee hakulia. Aliniita kwa kidole.

"Siagi," alisema.

Nilileta kibuyu cha Nyiramana. Nikachota kwa vidole viwili, nikampaka mimi mwenyewe, kwenye malengelenge, nyuma ya masikio, shingoni. Ilikuwa siagi nzuri sana. Ngozi iliinywa. Nilimpaka mpaka ikaisha karibu yote, nilishindwa kuacha, mpaka aliposhika mkono wangu akauondoa.

Mwezi wa saba Étienne alikuja kumchukua kwenda Runingu. Alikwenda na sanduku moja. Kalamu ya Marcellin, ile ambayo waasi waliitupa chini walipomkamata, alinipa mimi, mimi ambaye siandiki.

Nimebaki na chungu changu. Pétronille ndiye anayeonja sasa, na wanaonicheka nawaacha wacheke.

Mwaka jana nilipita Runingu kutafuta mise. Nilimkuta sokoni, amekaa nyuma ya fungu la maharage, mtoto mgongoni. Kichwa kilikuwa wazi. Nywele zilikuwa zimerudi zote, nyingi, nyeusi, zinang'aa, kama zilivyokuwa kabla ya mashua. Nilisimama nikazitazama kwa jicho la kazi. Sikuona kosa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha nilishindwa kujizuia.

"Unapaka nini?"

Alijigusa kichwa kama mtu anayekumbushwa kwamba anacho.

"Chochote, Yaya," alisema. "Kile kinapatikana."